Kabla hujanunua kompyuta nyingine: mwongozo wa kuweka Linux kwenye mashine ya mezani ya zamani

Kompyuta nyingi za mezani zilizomo majumbani, maskulini na kwenye maduka ya steshenari hapa Unguja, kuanzia Mtoni hadi Bububu, ni mitumba ya ofisi: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre, zilizotumika miaka kadhaa Ulaya au Dubai kabla ya kupandishwa meli. Ni mashine madhubuti. Nyingi zinafunguka bila bisibisi, vipuri vyake vinapatikana, na mafundi wa mjini wanazijua ndani nje. Hata hivyo wenye nazo sasa wanaambiwa zimekwisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuitengenezea Windows 10 viraka vya usalama, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane kwenda mbele. OptiPlex ya mwaka 2012 haimo katika orodha hiyo hata ikiwa nzima kabisa. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba mashine hiyo haijafa. Kilichokwisha ni ahadi ya mtengenezaji wa programu, na hilo unaweza kulithibitisha juu ya meza yako mwenyewe, bila kufuta faili hata moja, kabla hujatoa shilingi kununua nyingine.

Tuanze na uzito wa mashine, kwa sababu ndio unaowafanya watu wakate tamaa. Jibu la haraka ni kwamba kompyuta imezeeka, lakini prosesa haipungui kasi kwa kuzeeka. Core i5 ya mwaka 2012 inahesabu leo kwa mwendo uleule iliotoka nao kiwandani, mradi feni inazunguka na joto linatoka. Kinachokwamisha kazi ni diski. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inachukua zaidi ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kichwa chake cha kusomea kinahitaji milisekunde nyingine kadhaa kuhamia mahali faili ilipo. Ukijumlisha hayo, diski ya namna hiyo haifikishi vipande mia moja vidogo vilivyotawanyika kwa sekunde moja. SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inasoma maelfu kwa maelfu. Sasa fikiria Windows 10 inapowaka: inatafuta masasisho, inapanga faharasa ya faili, inakagua virusi, na programu tano ulizozisahau nazo zinataka kuanza. Zote zinaipigia diski hodi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana taa ya diski inawaka bila kuzimika na mshale unaganda kwenye skrini dakika nzima. Tiba ziko mbili: kupunguza madai juu ya diski, ambayo ndiyo kazi ya mfumo endeshi mwepesi, na kubadilisha diski yenyewe. Mwenye uwezo azifanye zote mbili. SSD ya inchi 2.5 inaingia kwenye waya uleule wa SATA, na ya gigabaiti 120 au 240 inatosha kwa matumizi ya nyumbani.

Hapa msomaji makini atauliza: kama diski ndiyo tatizo, kwa nini nisiweke SSD na kubaki na Windows yangu? Kwa upande wa kasi, ana haki. Kwa upande wa usalama hapana. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu na taasisi katika nchi nyingi, zikiwemo hospitali za Uingereza, kikadai fidia. Tundu kilimopitia lilikuwa limeshatolewa kiraka mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikukipata. Kompyuta inayoendelea na mfumo usiopata viraka iko katika hali hiyo kila siku, na hatari inaongezeka kadiri matundu mapya yanavyogunduliwa. Programu nazo huufuata mfumo: Chrome toleo la 109, la Januari 2023, lilikuwa la mwisho kukubali Windows 7, na Windows 10 itafika hukohuko. Upo muda wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, lakini unakoma Oktoba 2026, kwa hiyo ni kuahirisha. Wapo pia mafundi wanaoweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika. Kwa zile za Core 2 Duo njia hiyo imeshafungwa, kwa sababu toleo la 24H2 linatumia amri za prosesa ambazo Core 2 haina, na mashine haiwaki kabisa. Ama Windows iliyovunjwa kufuli, sioni jinsi ya kuitetea. Programu ya kuvunjia kufuli hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi, kisha uipe mamlaka yote juu ya kompyuta, na aliyeitengeneza humjui.

Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Anayesema ni kitu cha wataalamu peke yao aitazame simu yake: kila Android inaendeshwa na kiini hicho. Kwa kompyuta ya mezani unachagua mkusanyo uliokwisha kuandaliwa, na hapa nashauri mmoja tu ili usipoteze wiki ukilinganisha: Linux Mint ya Xfce, toleo la 22, lililotoka 2024 na kuahidiwa viraka mpaka 2029. Xfce ni mandhari nyepesi, yenye menyu kwenye kona ya chini kushoto na saa upande wa kulia, kwa hiyo aliyezoea Windows 7 hatapotea. Sababu nyingine ni ya bando. Mint haipakui masasisho kwa siri. Inakuonesha orodha na ukubwa wa kila moja, nawe unaamua lini uyachukue. Kwa mtu anayeiwasha intaneti kutoka kwenye simu, hilo ni jambo la pesa.

Kabla ya kwenda mbele, ijue mashine yako. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, na usome mambo mawili: prosesa na kiasi cha RAM. Core 2 Duo na zilizokuja baada yake zina biti 64, na Mint itakubali. Pentium 4 za biti 32 ni habari nyingine. Hata Debian, mkusanyo mwingine wa Linux uliozibeba kwa miaka mingi, haina tena kisakinishi cha biti 32 tangu toleo la 13 la mwaka 2025. Imebaki mikusanyo michache kama antiX, na kwa maoni yangu mashine hiyo haifai kutolewa pesa tena. Kuhusu RAM, gigabaiti 2 ndicho kiwango cha chini cha Mint na utafungua ukurasa mmoja au miwili tu wa intaneti kwa raha. Gigabaiti 4 zinatosha kazi za kawaida, na 8 zinakuondoa katika mazungumzo haya. Kivinjari ndicho mlaji mkubwa wa RAM, na mfumo mwepesi hauwezi kukipunguzia njaa hiyo. Ukitaka kuongeza, mpelekee muuzaji kipande chenyewe, kwa sababu DDR2 na DDR3 haziingiliani.

Kisha zima mashine, chomoa waya wa umeme, na uifungue. Mtoni iko ufukweni na chumvi ya hewa haibaki baharini. Inatua kwenye miguu ya shaba ya RAM ikichanganyika na vumbi, na kompyuta inayopiga milio bila kuonesha kitu kwenye skrini mara nyingi ina ugonjwa huo tu. Chomoa RAM, sugua miguu yake taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka usikie vishikio vyake vikibana. Safisha feni kwa brashi laini huku umeishika isizunguke. Halafu tafuta betri ya duara iliyolala kwenye ubao mkuu, mfano wa ya saa, iliyoandikwa CR2032. Kwenye mashine ya umri huu imeshakufa au imekaribia, na watu huipuuza kwa sababu kompyuta inawaka bila yake. Madhara yake yanatokea kwingine: kila umeme ukikatika, saa ya mashine inarudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari kinapolinganisha tarehe hiyo na vyeti vya usalama vya tovuti, kinazikataa zote na kukuonya kuwa kuna mtu anakuibia taarifa, na Linux nayo inakataa masasisho kwa kusema hayajaanza kuwa halali. Mtu atalaumu Linux na mtandao mwezi mzima, na dawa ni betri ndogo ya bei ya chini kabisa. Ibadilishe kwanza.

Faili la Mint lina ukubwa wa karibu gigabaiti 3, kwa hiyo lipakue mahali penye intaneti isiyohesabiwa, au kwa bando la usiku, au lichukue kwa jirani aliyenalo. Hiyo ya mwisho si wizi. Leseni inakuruhusu kunakili na kugawa, na kati ya 2005 na 2011 Canonical, kampuni ya mkusanyo wa Ubuntu iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma sidii za bure kwa posta popote duniani kwa wasio na intaneti ya kutosha. Leo flashi inafanya kazi ile. Lakini ukilipata faili kwa mtu, au ukilipakua kwa mtandao unaokatika, lihakiki. Tovuti ya Mint inatoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA256. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe. Tofauti ya herufi moja maana yake faili limeharibika au limechezewa, na usilitumie. Baada ya hapo chukua flashi ya gigabaiti 8 isiyo na kitu unachokihitaji, fungua programu ya Rufus, chagua faili na flashi, na iache imalize. Kulinakili faili kwenye flashi kwa njia ya kawaida hakutoshi. Kompyuta haitawaka nalo.

Sasa jaribio lenyewe. Ingiza flashi, washa mashine, na bonyeza mfululizo kitufe cha menyu ya kuwakia: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Chagua flashi. Mint itafunguka ikiwa kamili, na diski yako haijaguswa. Ikiwa skrini itabaki nyeusi, jambo linalotokea hasa kwenye mashine zenye kadi za picha za Nvidia za zamani, washa upya na uchague hali ya utangamano kwenye menyu ya flashi. Jambo la kuelewa ni kwamba jaribio hili linapima upatanifu. Kasi usiipime hapa, maana mfumo unasomwa kutoka kwenye flashi kupitia tundu la USB la zamani, na kila programu itachelewa kufunguka kwa mara ya kwanza. Unachotafuta ni kama kila kitu unachokitumia kinatambulika. Mashine za ofisi mara nyingi hazina Wi-Fi, lakini simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa kuchajia na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa USB, Linux inaiona mara moja bila draiva yoyote. Cheza sauti. Fungua tovuti unazozitumia kweli: barua pepe, benki, ukurasa wa matokeo ya mitihani. Fungua nyaraka zako. Chapisha karatasi moja.

Halafu, ukiwa bado kwenye flashi, fungua programu inayoitwa Disks, chagua diski yako, na utafute taarifa za SMART. Humo mna safu nyingi, lakini mbili ndizo zinazosema ukweli: idadi ya sekta zilizohamishwa, na idadi ya sekta zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa sifuri, diski bado ina maisha. Zikiwa zimeanza kupanda, diski inakufa, na hakuna mfumo endeshi utakaoiokoa. Kipimo hiki peke yake kinatosha kuhalalisha zoezi zima, kwa sababu watu hupoteza picha za harusi na kazi za chuo kwenye diski iliyokuwa ikitoa onyo kimyakimya kwa miezi.

Pingamizi linalosikika zaidi ni Word. Ofisi zinatuma docx, walimu wanataka docx, na mteja wa steshenari analeta flashi yenye docx. LibreOffice, iliyomo ndani ya Mint, inazifungua na kuzihifadhi. Kinachovuruga mpangilio kwa kawaida ni fonti. Kuanzia Office ya 2007, kwa miaka mingi Word iliandika kwa Calibri, fonti ambayo Linux hairuhusiwi kuibeba. Badala yake zipo Carlito kwa Calibri na Caladea kwa Cambria, zilizochorwa kwa vipimo vilevile vya upana ili mistari ikatike palepale. Hakikisha zimo kwenye mashine yako, na barua nyingi zitakaa sawa. Hazitakaa sawa zote. Hati yenye masanduku ya maandishi yaliyopangwa juu ya picha itasogea, na jedwali la Excel lililojengwa kwa makro huenda lisifanye kazi. Kwa hiyo jaribu na nyaraka zako zilizo ngumu kuliko zote, na za kutuma kwa kusomwa tu zitoe kwa PDF.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, ingawa husemwa mara chache. Ziko kazi ambazo Linux haizifanyi, na mwenye kazi hizo asihame. Duka linaloweka hesabu zake kwenye Tally au kwenye QuickBooks ya kompyuta libaki na Windows inayopata viraka, hata kama itabidi kununua mashine mpya. Mwenye studio ya picha anayeishi ndani ya Photoshop naye hivyohivyo. Printa zinahitaji uangalifu wa peke yake. Za HP kwa jumla hazina shida, kwa sababu HP yenyewe hutoa draiva za Linux. Canon ndogo za leza zinazotumia mfumo wa CAPT, kama LBP2900 iliyoenea sana katika steshenari zetu, ni sumbufu, na sitamwambia mwenye duka la kuchapa ahame siku ya kazi akitegemea printa hiyo. Ndiyo maana karatasi ile moja ya majaribio si ya kurukwa.

Mashine ikishafaulu, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje au flashi kubwa, mahali pawili ikiwezekana, na ufungue mawili matatu kuhakikisha nakala ni nzima. Ukiwa umenunua SSD, ipo njia salama kuliko zote, nami naipendekeza kwa kila mtu: chomoa waya wa data wa diski ya zamani, unganisha SSD peke yake, kisha weka Linux humo. Windows yako inabaki ndani ya boksi kama ilivyokuwa, haina namna ya kuguswa kwa makosa, na usiporidhika baada ya mwezi unarudisha waya. Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja kunawezekana, ila kunataka uzime kwanza uwakaji wa haraka wa Windows. Usipouzima, Linux itaikuta diski imefungwa nusu na itakataa kuandika humo. Utaona pia saa ikipishana kwa saa 3 kila ukihama mfumo mmoja kwenda mwingine, kwa sababu Windows huhifadhi saa ya Afrika Mashariki na Linux huhifadhi ya dunia. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inalimaliza hilo.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kusakinisha, fikiria umeme. Umeme wa Bara unafika Unguja kwa waya wa chini ya bahari unaotokea Fumba na kupelekwa kwenye kituo cha Mtoni, na kila aliyekuwapo anakumbuka kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa karibu miezi mitatu gizani. Waya wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa 2013 na giza la miezi limekwisha. Umeme wa kukatika na kurudi haujakwisha, na kompyuta ya mezani haina betri ya kuisubirisha. Wapo wanaodai Linux huharibika zaidi umeme ukikatika ghafla. Si kweli. Mfumo wa faili wa ext4, kama ule wa Windows, huandika kwanza kwenye daftari lake unachotaka kubadilisha, na mashine ikiwaka tena hulisoma daftari na kumaliza au kufuta kazi iliyokatika. Hatari kubwa ipo katika nyakati mbili: wakati wa kusakinisha, na wakati wa kusasisha kiini. Azima UPS kwa siku hiyo kama huna, lakini ipime kwanza. Iwashe na kompyuta, chomoa waya wake ukutani, na uhesabu dakika, kwa sababu betri za UPS nyingi zimechoka na taa yake ya kijani haisemi hivyo. Sasisho likikatwa katikati, amri ya sudo dpkg --configure -a hulimalizia mara nyingi.

Usakinishaji wenyewe ni mfupi. Kwenye mandhari ya jaribio bonyeza mara mbili alama iliyoandikwa "Install Linux Mint". Chagua lugha na kibodi, weka alama kwenye kisanduku cha kodeki ili video na nyimbo zicheze, na ukifika kwenye swali la diski soma mara mbili. Chaguo la kufuta diski yote ni sahihi kwa SSD mpya iliyo peke yake na ni la hatari kwa diski yenye mafaili ambayo hujayanakili. Kwenye ramani ya saa gusa Dar es Salaam. Nenosiri liandike kwenye karatasi siku ya kwanza, maana utaulizwa kila unapoweka programu. Kwenye SSD kazi huisha ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Diski ya sahani itachukua muda zaidi, na usiizime kwa kudhani imeganda.

Baada ya kuwasha upya, chukua masasisho yote ya mwanzo kwa mtandao mzuri, kwa sababu ni mazito. Fungua Timeshift na uiruhusu itunze picha ya mfumo kila wiki, ili sasisho likikukorofisha urudi nyuma kwa dakika chache. Timeshift inalinda mfumo peke yake. Mafaili yako yanaendelea kuhitaji nakala ya nje. Programu ziweke kutoka kwenye duka la Mint lenyewe. Tabia ya kupakua faili lolote kutoka tovuti yoyote na kulibonyeza ndiyo iliyokuwa ikileta virusi kwenye Windows, na Linux haikuzuii kuwa mzembe.

Utaambiwa pia kwamba hakuna fundi wa Linux. Mafundi wengi wa mtaani kweli wamezoea dawa moja, kufuta na kuweka Windows upya, kwa hiyo mweleze mapema kwamba mfumo uliomo ni wa makusudi. Lakini wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia hukutana na Linux katika masomo yao, na shida za vifaa, kama RAM, feni na umeme, ni zilezile fundi wako anazozijua. Kuhusu lugha, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo bado inaweza kuwekewa menyu za Kiswahili. Mandhari ya Mint imetafsiriwa kidogo tu, nami nasikitika kwa hilo, kwa sababu hapa tafsiri haisubiri ruhusa ya kampuni. Mwalimu wa Kiswahili mwenye intaneti anaweza kuchangia jioni hii.

Lipo jambo la mwisho linalopima gharama ya kununua nyingine. Kisiwani kila kompyuta inayoingia kwa meli hubaki. Ikitupwa, safari yake ni jaa la Kibele au shimo la nyuma ya nyumba, na mbao za saketi zilizotengenezwa kabla ya Ulaya kupiga marufuku risasi katika vifaa vya umeme, Julai 2006, zimelehemewa kwa risasi. Miaka mitano zaidi ya kazi kwa mashine moja ni miaka mitano ambayo mashine hiyo haijafika jaani.

Flashi usiifute ukimaliza. Siku mashine ikigoma kuwaka, iwashe kwa flashi hiyo kama ulivyofanya kwenye jaribio, fungua diski, na utoe mafaili yako kabla ya mtu yeyote kuanza matengenezo. Inafanya hivyo pia kwa kompyuta ya jirani yenye Windows iliyokwama, mradi diski yake haijafungwa kwa BitLocker. Iandikie juu jina la mfumo na mwaka, na uiweke pamoja na karatasi ya nenosiri.